Pima Kwanza, Agiza Baadaye: Joistiki na Batani za Gemu za Nyumbani

Mtu wa Lamu anayetaka joistiki ya zile mashine kubwa za gemu hana duka la kuingia akaishika kwanza mkononi. Mzigo unatoka ng'ambo, unapita Nairobi au Mombasa, unashuka Mokowe, kisha unavuka kwa boti. Malindi kuna nafuu kidogo kwa kuwa basi linaingia mjini, lakini hata huko kipande kisichoenea kwenye tundu lake kinakaa kabatini hadi kisahaulike. Kwa hivyo tunaanza na vipimo, majina ya kampuni yatafuata. Na kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji kwa sababu halina faida kwao: joistiki ni vipande vitano au sita vilivyounganishwa, kila kimoja hubadilishwa peke yake, na kipande kinacholaumiwa mara nyingi ni kizima.

Tundu, unene, na ncha

Batani za Kijapani, yaani za Sanwa na Seimitsu ambazo wengine wote huziiga, huja kwa saizi mbili. Za kipenyo cha milimita 30 ndizo za kuchezea. Za milimita 24 huwekwa kando kwa kazi ya kuanzisha au kusimamisha gemu. Batani za Kimarekani za mtindo wa Happ hutaka tundu la inchi moja na thumuni, ambalo ni milimita 28 na nusu hivi. Sanduku likiwa limetobolewa kwa batani za Kimarekani na wewe unataka za Kijapani, panua tundu: zungushia msasa wa namba 80 kwenye kipande cha bomba la plastiki, sugua ukizungusha, na ujaribu batani kila mara. Ukipitiliza, batani italegea na hakuna rangi itakayoficha. Kinyume chake, batani ya Kimarekani kwenye tundu la 30 hubanwa na nati yake, ila uihakikishe iko katikati kabla ya kukaza.

Baada ya kipenyo angalia unene wa ubao. Batani ya Sanwa inayouzwa kwa namba OBSF-30 hushikwa na masikio mawili ya plastiki yanayofyatuka chini ya bamba. Masikio hayo yametengenezwa kwa bamba la chuma au akriliki la milimita chache. Kwenye ubao wa milimita 18 hayafiki upande wa pili, na batani itatoka kila ukiibonyeza kwa pembeni. Ndugu yake OBSN-30 ina nati ya kukaza na huvumilia unene zaidi, lakini nayo ina mwisho wake. Ubao mnene lazima uchimbwe kwa chini hadi ubaki mwembamba pale batani inapokaa.

Kipimo cha tatu husahauliwa na karibu kila mtu: upana wa zile ncha bapa za chuma ambako klipu za waya huchomekwa. Batani za Sanwa zina ncha za milimita 2.8. Swichi za mtindo wa Kimarekani kwa kawaida ni milimita 4.8, na nyingine hufika 6.3. Klipu ya 4.8 huingia kwenye ncha ya 2.8 bila tabu, na hapo ndipo balaa linapoanza, kwa sababu inagusa na kuachia. Batani inafanya kazi mezani, halafu inakata mchezo ukipamba moto. Watu hununua batani nyingine kwa kosa la klipu.

Joistiki ipi kwa mchezo upi

Kama nyumbani kwenu kinachochezwa ni mpira tu, okoa pesa zako. Joistiki hizi zinajua pande nane peke yake: imebonyezwa au haijabonyezwa. Kijiti cha padi ya kawaida kinajua umekisukuma kiasi gani, na gemu za mpira za leo zinategemea hilo katika kukimbia, kupiga pasi na kulenga goli. Joistiki ya mashine ni ya michezo ya kupigana, ya kurusha risasi, na ile ya zamani.

Ya zamani nayo ina sharti. Pac-Man ya mwaka 1980 ilitengenezwa kwa joistiki ya pande nne. Ukiicheza kwa ya pande nane, mkono ukienda mshazari kidogo kwenye kona, mashine inapata amri mbili kwa pamoja na yule jamaa wa manjano anapita njia uliyotaka au anasita. Huo si uzee wa vidole vyako. Kwenye JLF, joistiki ya Sanwa, dawa ni kuzungusha geti, kile kipande cha plastiki cha chini kinachoweka mipaka ya mwendo wa fimbo, nyuzi 45 ili pembe zikae juu, chini, kushoto na kulia. Hapo mshazari unazibwa.

Kwa michezo ya kupigana kuna mitindo mitatu. JLF-TP-8YT ya Sanwa ni nyepesi, springi yake ni laini, na kila kipuri chake kinapatikana. Kwa anayeanza, na hasa kwa anayeishi mbali na duka, hii ya mwisho ndiyo sababu kubwa ya kuichagua. LS-32 ya Seimitsu ni ngumu kidogo na safari ya fimbo yake ni fupi. Wachezaji wa gemu za ndege na risasi huipenda kwa kusogea hatua ndogondogo. Joistiki za Kimarekani za mashine za miaka ya 1990 zina mpini mrefu wa umbo la gongo, safari ndefu na nguvu ya kumtosha mtu anayecheza kwa bega zima. Zinafaa kwa kumbukumbu, lakini kwa kasi ya leo zinachosha.

Za Korea ni jamii nyingine kabisa. Badala ya springi zina mpira mnene unaoizunguka fimbo, na badala ya geti la pembe nne fimbo hugonga ukuta wa duara. Mpira huirudisha fimbo katikati kwa haraka kuliko springi laini, na wachezaji wa Tekken, gemu ya kupigana, wanaolazimika kubonyeza nyuma, kuachia, kubonyeza nyuma tena hunufaika na hilo moja kwa moja. Ubaya wake ni kwamba mpira huchoka: huanza kulegea, halafu hupasuka. Ukichagua mtindo huu, agiza mpira wa akiba siku hiyohiyo.

Kuna pia masanduku yasiyo na joistiki, batani tupu, ambapo kuruka ni batani kubwa ya milimita 30 chini ya dole gumba. Ni mazuri, yana kasi, na hayana kipande kinachochakaa kwa kuzunguka. Kuyazoea huchukua muda.

Ndani ya JLF

Geuza joistiki juu chini. Utaona geti la plastiki, kwa kawaida la pembe nne, limeshikwa na vimasikio vinne. Ndani yake kuna bodi ndogo yenye swichi nne na soketi ya waya tano. Katikati kuna kisukumizi, ile pete ya plastiki inayobonyeza swichi fimbo inapoinama, na juu yake springi. Vyote vimezuiliwa na klipu moja ya chuma yenye umbo la herufi E iliyoingia kwenye mfereji wa fimbo.

Fimbo ina egemeo katikati yake. Kwa hiyo ukisukuma kirungu, yaani tufe la kushikia, kwenda juu, ncha ya chini huenda chini, na swichi inayobonyezwa ni ya upande wa pili. Kwenye joistiki ambazo kila swichi ina waya wake, swichi ya "juu" ndiyo iliyo upande wa tumbo lako. Anayefunga waya kwa kufuata macho hupata gemu iliyopinduka pande zote nne, akaanza kulaumu programu.

Sasa malalamiko na chanzo chake. Ukifanya robo duara, chini hadi mbele, na pigo halitoki, tazama kwenye ukurasa wa kompyuta wa kupimia joistiki (tumeutaja chini kwenye sehemu ya waya) kama mshazari unaonekana. Usipoonekana kwenye geti la pembe nane, mara nyingi mkono unakata kona: mkono unafuata kuta na kupita eneo la mshazari upesi mno. Geti la pembe nne lina kona halisi pale mshazari ulipo, na eneo lake ni pana. Wageni hulichukia wiki ya kwanza kwa sababu wanalisugua ukutani. Swichi hubonyezwa kabla fimbo haijafika ukutani, kwa hiyo hakuna haja ya kuligonga. Maoni yetu ni kwamba geti la pembe nane hununuliwa mapema mno. Mpe mkono muda kwanza.

Fimbo ikiachiwa na kupitiliza katikati hadi kubonyeza upande wa pili, springi ni dhaifu kwa mkono wako. Springi ya ratili 2 hutosha wengi. Ile ya ratili 4 inauzwa pia na inawavutia wanaopenda kitu kigumu, lakini kwenye sanduku jepesi utajikuta unavuta sanduku zima pajani, na kiganja kitauma kabla ya usiku kuisha.

Ukihisi fimbo inasafiri mbali kabla ya kitu kutokea, kipande cha kutazama ni kisukumizi. Vipo vya akiba vilivyoongezwa unene hadi milimita moja. Kinene hubonyeza swichi mapema, lakini huchukua nafasi ya katikati, yaani ule uwazi ambao fimbo inaweza kutikisika bila kutoa amri. Kisukumizi kinene pamoja na springi laini ya kiwandani ni ndoa mbaya: mhusika wako atachuchumaa au kuruka bila kuambiwa. Ukikibadilisha, badilisha na springi.

Kazi yenyewe ni ya dakika kumi. Shika kirungu kwa mkono mmoja, ingiza bisibisi bapa kwenye mfereji ulio mwisho wa fimbo kwa chini, kisha fungua kirungu kinyume na mwendo wa saa. Fyatua geti, vua bodi ya swichi. Bonyeza kisukumizi kuelekea ndani ili springi ishuke na kuipa klipu nafasi, kisha isukume klipu itoke kwa ncha ya bisibisi ndogo. Hatua hii ifanye ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha, mikono ikiwa ndani, kwa sababu klipu hiyo huruka kama panzi na ni ndogo kuliko ukucha. Ikipotelea kwenye mkeka, mjini Lamu hutapata nyingine ya saizi ile. Kisha toa kisukumizi, springi, pete yake, na uvute fimbo kwa juu.

Ukishaifungua, futa uchafu wa zamani na uweke grisi ya silikoni kiasi cha punje ya mchele kwenye egemeo. Usitumie grisi ya gari wala mafuta ya pikipiki; mengine hulainisha au hupasua plastiki, na yote hukusanya vumbi. Mafuta ya nazi yana kazi nyingi huku kwetu, hii haimo.

Bodi na waya

Bodi ya hapa ni ile inayopokea waya za batani na joistiki na kuzipeleka kwenye kompyuta kwa USB. Bodi za bei rahisi zinazouzwa kwa jina la "zero delay" hazina sifuri yoyote ya ajabu, ila kwa kompyuta zinatosha kuanzia. Bodi inayosomwa na kompyuta mara 125 kwa sekunde hutoa habari kila milisekunde 8. Ya mara 1000, kila milisekunde 1. Gemu ya fremu 60 kwa sekunde huonyesha picha moja kwa takriban milisekunde 16.7. Tofauti ipo, lakini televisheni isiyowekwa kwenye hali ya gemu inaweza kuchelewesha kuliko bodi yoyote. Anza hapo, ni bure.

Anayetaka bodi nzuri kwa pesa kidogo atumie Raspberry Pi Pico, bodi ndogo ya kompyuta, pamoja na programu ya bure ya GP2040-CE. Shikilia kitufe cha BOOTSEL, chomeka USB, Pico itajitokeza kama flashi iitwayo RPI-RP2. Nakili faili ya programu humo na kazi imekwisha. Kwa mpangilio wa kawaida wa Pico, juu ni GP2, chini GP3, kulia GP4, kushoto GP5, na batani za kwanza zinaanzia GP6. Kila batani ina waya mmoja kwenda pini yake na mwingine kwenda kwenye GND, yaani waya wa pamoja wa kurudisha umeme. Pini hizo ni za volti 3.3, kwa hiyo usizipelekee volti 5 za USB hata kwa majaribio.

PlayStation ina ukuta wake. Kwenye PS4, bodi isiyo na uthibitisho wa kampuni hukatika baada ya dakika 8 hivi, na watu hudhani waya umelegea. PS5 ni ngumu zaidi. Huko utahitaji bodi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo au kifaa cha ziada cha kupitishia uthibitisho. Amua unachezea mashine gani kabla ya kulipa.

Waya wa GND kwa kawaida ni mmoja unaopita batani hadi batani. Kama uzi wa tasbihi, ukikatika sehemu moja, zote zinazofuata zimekwenda. Kwa hiyo batani tatu zilizopangana zikifa siku moja, usizibadilishe: tafuta klipu iliyotoka kabla ya ile ya kwanza iliyokufa. Batani moja peke yake ikifa, badilishana waya zake na za jirani. Tatizo likibaki na batani, swichi ndiyo mbovu. Likihamia kwa jirani, kosa ni waya au bodi.

Na swichi zenye ncha tatu zina mtego: moja ni ya pamoja, iliyoandikwa COM, nyingine NO (huungana na COM ukibonyeza) na nyingine NC (imeungana nayo hadi ubonyeze). Tumia COM na NO. Ukichomeka kwenye NC, gemu itaona umeibonyeza batani muda wote na itaachia pale unapoibonyeza. Kwenye Windows pima kwa kuandika joy.cpl, kwenye Linux kuna jstest.

Chumvi

Kiwandani batani hupimwa kwa idadi ya mibonyezo. Huku pwani zinakufa kabla ya kuifikia, kwa sababu ya hewa. Upepo wa bahari unaleta chumvi na unyevu ndani ya nyumba, na msimu wa masika sanduku lililokaa karibu na dirisha huvuta maji bila kuguswa na tone. Dalili ya kwanza ni batani inayohitaji kubonyezwa mara mbili asubuhi, halafu inapona mchana. Hiyo ni ncha au mguso uliofubaa, haijachakaa.

Anza nje: vuta klipu, angalia kama kuna kijani kwenye shaba au weusi kwenye ncha. Safisha kwa pombe ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi na kitambaa kisicho na nyuzi, acha ikauke, minya klipu kidogo kwa koleo ili ibane, uirudishe. Petroli na vipodozi vyenye asetoni vitalamba plastiki. Ukishasafisha, paka ute mwembamba wa grisi ya silikoni juu ya klipu iliyokwisha kuchomekwa, ili hewa isifike kwenye chuma. Usiingize grisi ndani ya swichi.

Swichi za batani za bei rahisi zikianza kufa moja baada ya nyingine, hazistahili kukarabatiwa. Badilisha zote nane pamoja.

Sanduku

Ubao wa unga wa mbao uliogandishwa, MDF, ndio unaopendekezwa na maelekezo mengi ya ng'ambo. Huku huvimba ukingoni mwaka wa kwanza, na matundu ya batani yanakuwa mayai. Ukilazimika kuutumia, paka vanishi ndani na nje, na ndani ya kila tundu. Plaiwudi ya mabaharia ni bora zaidi. Lamu ina maseremala wanaochonga milango ya mbambakofi na msaji kwa patasi. Kuchimba chini ya ubao hadi ubaki milimita 3 au 4 pale batani zinapokaa ni kazi ndogo kwao, ukiwachorea vipimo vizuri. Mbao ngumu pia ina uzito, na uzito ndio unaozuia sanduku kuteleza.

Njia nyingine ni kifuniko cha akriliki cha milimita 3 hadi 5 kutoka kwa watengeneza mabango. Kukitoboa, kibandike gundi-tepu pande zote mbili, kilaze juu ya kipande cha mbao, kizungushe keekee polepole. Kikipata joto kitayeyuka na kushika meno. Ukikandamiza kitapasuka mwishoni, pale tundu linapokaribia kutoka.

Weka vituo vya batani za milimita 30 mbali kwa milimita 36 toka kimoja hadi kingine, ili kingo zao zisigusane. Tundu la fimbo ya joistiki liwe milimita 24. Michezo ya kupigana inayofuata mfumo wa Street Fighter II ya mwaka 1991 inahitaji batani sita, tatu za ngumi na tatu za teke. Nane zinatosha michezo yote ya sasa. Kata kwanza kipande cha katoni chenye matundu yale yale, weka mikono juu yake, na uangalie kama kiganja kinakaa bila kupinda. Katoni haigharimu chochote.

Unapotuma oda, ongeza vipuri hivi hata kama hujaharibikiwa: batani mbili za 30, springi moja, kisukumizi kimoja, klipu za E tano, bodi moja ya swichi za JLF, na klipu za waya za 2.8 zisizopungua ishirini. Vyote vinaingia kwenye bahasha moja.